Shati Lililowekwa Ukutani

Kila asubuhi Mama Mkubwa Tekla alikuwa anafagia uwanja kinyumenyume. Anaanzia kule njia inapoingilia, anarudi nyuma polepole, ufagio unazifuta nyayo zake mwenyewe, mpaka kisigino kiguse kizingiti cha mlango. Hapo anasimama. Anautazama uwanja wote, udongo mwekundu umelala kama uliopakwa kwa kiganja, hauna alama hata ya kuku. Kisha ndipo anaingia ndani kuchochea moto. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda kisimani walimtania, "Tekla, unafagia au unafuta kesi?" Naye anawajibu, "Nafagia. Mtu akiingia nataka nimjue."

Mtu aliyekuwa anamngoja ni Kalinga, mume wake, kaka mkubwa wa baba yangu. Ndiyo maana mimi nilimwita Mama Mkubwa, ingawa hakupata kuzaa. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba letu la mahindi, juu kidogo ya barabara ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, ukishapita Ifunda. Akikohoa tulimsikia.

Kalinga aliingia Keya, jeshi la Waingereza, Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Alikuwa amesoma misheni, ana sauti, na hakuwa mtu wa kutetemeka. Wakampandisha cheo, wakampandisha tena, mwisho wakampa platuni nzima aiongoze. Cheo chenyewe kilikuwa na jina refu la Kiingereza. Sisi huku tuliona mtu mweusi anaongoza askari, tukamwita Bwana Ofisa, na jina likaganda. Alikuja likizo mara moja. Wazee wanasema kaptula yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka inaweza kukata nyama. Likizo hiyohiyo ndiyo akamwoa Tekla. Walikaa pamoja muda mfupi sana, hata mahindi yaliyopandwa wiki ya harusi yalikuwa hayajamfika mtu kiunoni alipopanda lori kurudi. Alimwachia shati jeupe alilofungia ndoa. Alisema, "Hili jeshini sina pa kulivaa. Nitunzie."

Akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, kupigana na Wajapani, na huko akafa.

Habari aliileta jumbe. Vita vilipokwisha akaja mwenzake mmoja, Jailos, mtu wa Iyunga kule Mbeya, aliyekuwa chini ya Kalinga katika platuni. Alikaa kwenye kigoda nje, hakutaka hata uji. Akaeleza kwamba walikuwa wanavuka mto uliojaa, Kalinga akawapitisha askari wake wote kwanza, yeye akawa wa mwisho. Risasi ikamkuta katikati ya maji.

Mama Mkubwa akamwuliza, "Ulimwona amekufa?"

"Shemeji, nilimwona anaanguka."

"Kuanguka sijakuuliza."

Jailos akatazama chini. "Maji yalimchukua. Tulimtafuta, hatukumpata."

"Basi nimesikia," akasema Mama Mkubwa. "Sijaona."

Hakulia. Na kwa kuwa yeye hakulia, hakuna aliyeweza kulia, hata Bibi Rozalia, mama yake Kalinga. Mwenye kuanza msiba ni mke.

Hapa inabidi nieleze desturi ya ukoo wetu, maana bila hiyo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa nguo yake. Inachimbwa shimo, nguo inalazwa, kila ndugu anatia udongo, basi mtu huyo amezikwa na roho yake imepata pa kukaa. Siku chache baadaye mjane ananyolewa nywele, na ndugu wa marehemu anaingia nyumba ile kumrithi. Ndugu wa Kalinga alikuwa mmoja tu, baba yangu Ambrosi. Lakini kama nguo haijazikwa, hakuna kilichoanza. Mume ambaye hajazikwa hana mjane.

Walimwomba lile shati. Akakataa. Walimwomba tena mwaka uliofuata, akalihamisha kutoka kwenye sanduku, akalificha mahali asipopajua mtu. Akiulizwa na mgeni yeyote hali yake, alijibu, "Mimi ni mke wa mtu." Alilima shamba la Kalinga, akalipia kodi ya nyumba ya Kalinga kwa mahindi yake, akaketi kanisani upande wa wanawake walioolewa. Alikuwa na hilo tu duniani, na lilimtosha.

Baba hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Wadogo zangu wawili walikufa kwa kikohozi, mmoja baada ya mwingine, na mganga mmoja wa Usangu akamwambia, "Kwenu kuna mtu anazunguka nje, hana pa kulala." Siku ile baba alikwenda hadi uwanjani kwa Mama Mkubwa. Hakuingia ndani, hakuwahi kuingia. Alisimama kofia mkononi.

"Shemeji, mimi sikutaki. Nina mke, na kelele za yule mmoja zinanitosha."

"Nakusikia, Ambrosi."

"Nataka kaka alale. Nimezika watoto wawili kwa ajili ya mtu ambaye hajazikwa."

"Watoto wako niliwabeba mgongoni. Usifikiri sikulia."

"Basi toa shati."

"Nikitoa shati, utaniacha nikae hapa hivi nilivyo?"

Baba akaigeuza kofia mkononi. Mwisho akasema, "Nyumba ya mtu aliyezikwa haiachwi wazi. Hiyo sikuitunga mimi."

"Basi na mimi sikuutunga ukaidi," akasema Mama Mkubwa, akaendelea kupukuchua maharage.

Miaka ikaenda. Kigango chetu kikajenga kanisa jipya la matofali ya kuchoma. Wale askari waliorudi kutoka Bama wakakutana, wa Iringa na wa Mbeya, wakasema si haki Bwana Ofisa akose hata mahali jina lake linaposomwa. Jailos akaja kwa lori kuleta maneno hayo. Padri, Mtaliano mwenye ndevu aliyekuwa anatujia mara moja kwa mwezi, akakubali. Alisema litawekwa jiwe ukutani, karibu na mlango, kila aingiaye amkumbuke marehemu katika sala.

Bibi Rozalia akamwuliza, "Padri, hilo ni kaburi?"

"Hapana, mama. Ni jina tu."

Mama Mkubwa alikuwapo, akasikia kwa masikio yake. Tangu siku hiyo akabadilika. Sikupata kumwona na furaha namna ile. Alikwenda kisimani na kurudi akiimba, akichota maji ya kuchanganyia saruji, na wenzake wakimwambia apumzike anacheka: "Mwacheni mke wa Ofisa afanye kazi ya Ofisa."

Jiwe lilichongwa na Bushiri, fundi wa Miyomboni kule mjini Iringa, Mwislamu, babu yake alitoka pwani. Alifika na jiwe limefungwa magunia nyuma ya lori. Aliposhuka alisimama mlangoni mwa kanisa, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Jamani, naingia na bismillahi yangu. Asije mtu akanimwagia maji kichwani."

Mwalimu Tadeo, katekista wetu, akacheka. "Ingia, Bushiri. Maji yenyewe ya saruji tu."

"Nawajua Wahehe. Mnaanza na saruji, jioni mtu anaitwa Yohane."

Siku hiyo Padri hakuwapo, angekuja Jumapili kulibariki. Tulikuwa watu wa nyumbani, na majirani wachache waliokuja kutazama. Bushiri akapima, akaanza kutoboa ukuta. Matofali ya pale yalikuwa hayajaiva vizuri, yakabomoka zaidi ya alivyotaka. Likapatikana shimo kubwa, mtu angeweza kuingiza debe.

"Hapa kuna uvungu," akasema. "Jiwe litakaa mbele, nyuma kutakuwa tupu."

Ndipo Mwalimu Tadeo akapata wazo. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa mtu wa kupenda mambo ya kanisa yakae kikanisa. Akasema, "Mnajua ndani ya altare kumewekwa kipande cha mfupa wa mtakatifu? Nilimwona Padri akikiweka. Tukiweka hapa kitu cha Kalinga, kitu alichokivaa, jiwe litakuwa lake kweli."

Watu wakageuka kumtazama Mama Mkubwa.

Nilidhani atakataa. Yeye akamwuliza Mwalimu, "Na altare siyo kaburi?"

"Hata kidogo. Kuna anayeiita altare kaburi?"

"Na hapa ni ukutani, si chini."

"Ni ukutani, dada yangu."

Akatoka, akaenda nyumbani. Aliporudi alikuwa na lile shati, limekunjwa vizuri, jeupe limegeuka rangi ya maziwa, linanuka moshi wa paa. Hakuna aliyemlazimisha. Alidhani ya kanisa ni ya kanisa, na ya nyumbani ni ya nyumbani. Alitaka mumewe awe na heshima kama ya mtakatifu, na yeye abaki mke wake. Alilibusu, akalilaza mwenyewe ndani ya shimo, akalinyoosha ukosi.

Bushiri akachungulia. "Nguo inabonyea, jiwe litacheza. Nileteeni udongo nijazie kabla sijapiga saruji."

Alilisema kama fundi yeyote anavyosema. Kwake lilikuwa jambo la kazi tu, uvungu lazima ujazwe.

Bibi Rozalia ndiye aliyeinuka. Magoti yake yalikuwa mabovu, kwa kawaida alisaidiwa, lakini siku ile aliinuka peke yake. Akatoka nje, akarudi na udongo katika viganja vyake viwili.

"Tia tu, bibi," akasema Bushiri, na kumpisha.

Bibi akautia juu ya shati, taratibu. Akabaki ameinama. Halafu baba akatoka, naye akarudi na wake, akautia. Mama yangu Esta akafuata. Majirani nao wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Kanisani palikuwa na mlio wa udongo ukidondoka tu.

Mama Mkubwa alikuwa ameshika ndoo ya maji. Akaiweka chini. "Mama," akamwambia Bibi, "unafanya nini?"

"Namzika mwanangu."

Kisha Bibi akatoa kilio. Sikujua kama mzee anaweza kuwa na sauti ile. Ilikuwa imekaa ndani yake miaka yote, tangu siku ya jumbe. Alijitupa sakafuni, akamwita Kalinga kwa jina lake la utotoni, akamlaumu kwa nini alitangulia, akamwuliza kama kule majini kulikuwa na baridi. Wanawake wote wakapokea. Hata Mwalimu Tadeo alijifunika uso.

Mama Mkubwa akamgeukia fundi. "Toa."

Bushiri alikuwa na mwiko mkononi, saruji inaanza kukauka. Aliwatazama watu wote, akamtazama na yeye. "Dada, mimi fundi. Nikiambiwa weka, naweka. Nikiambiwa toa, natoa. Lakini nisikie sauti ya watu wawili."

Akangoja. Alingoja kweli, simlaumu. Mama Mkubwa alimtazama Mwalimu Tadeo, Mwalimu akatazama sakafu. Akamtazama mama yangu. Mama alikuwa amemkumbatia Bibi. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, nami sauti yangu nani angeihesabu.

Jiwe likawekwa.

Jumapili Padri akaja, akalinyunyizia maji ya baraka, akalifukizia ubani. Watu waliimba mpaka barabarani magari yakapunguza mwendo. Misa ilipokwisha Mama Mkubwa alimfuata penye pikipiki yake.

"Padri, ufungue ukuta. Nina kitu changu mle."

Padri alishaambiwa na Mwalimu. Alimjibu kwa upole. "Tekla, lile si kaburi. Hizi ni hofu za zamani. Nitamwambia Ambrosi kwamba Kanisa halimruhusu kukuchukua. Wewe ni mjane, uko huru."

"Padri, na wewe umesema mjane."

"Lakini ni kweli, mwanangu. Tangu vita."

Mama Mkubwa akamwachia njia. Padri akamwita baba, akasema naye, na baba akawa anaitika "Ndiyo, Padri, ndiyo, Padri," mpaka pikipiki ikawaka. Padri akienda, anarudi mwezi ujao. Ukoo unabaki hapohapo.

Tangu hapo watu wakamsalimia kwa namna nyingine. Kisimani, baada ya salamu yetu ya "kamwene", walimwambia "pole". Miaka yote hakuna aliyethubutu kumpa pole, sasa zilimjia zote kwa mpigo. Kanisani akikaribia benchi lake, mwanamke mmoja akamsogezea lile la wajane, kwa wema kabisa, hata akalifuta vumbi kwa khanga yake. Bibi Rozalia akaanza kula na kulala usingizi wote. Na mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa anakohoa, akapona. Hilo ndilo lililomaliza maneno. Kabla ya hapo labda baba angerudi nyuma, nilimwona anavyokosa raha. Mtoto alipopona akasema, "Mnaona wenyewe," na siku ya kunyoa ikapangwa.

Jioni moja mama alimfuata Mama Mkubwa jikoni kwake. Niliwapelekea kibuyu cha maziwa, nikakaa.

"Usidhani nafurahi," akasema mama.

"Najua, Esta."

"Ila kama lazima awepo mtu, afadhali wewe. Wengine wangeniletea kisirani. Na paa lako halivuji. Mvua zikija nitamwambia, nenda kwa mkubwa, niachie mimi kitanda."

Wakacheka wote wawili. Halafu Mama Mkubwa akaacha kucheka. "Nililitoa kwa mkono wangu, Esta. Wangelichukua kwa nguvu ningejua la kufanya. Nililinyoosha na ukosi."

Mama akamsogelea. Alimshika mkono, moto ukafifia, hakuna aliyeuchochea.

Siku ya kunyoa walikuja wanawake wa ukoo, wakaketi kwenye mikeka mbele ya nyumba ya Mama Mkubwa. Pombe ya ulanzi ililetwa mapema. Baba alikuwa kwa Mwalimu Tadeo na wanaume wengine, amevaa kanzu safi, atakuja akiitwa. Maji ya moto yalikuwa katika karai, na sabuni, na wembe mpya. Mnyoaji ni mama mkwe, basi Bibi Rozalia akaketi kwenye kigoda, na Mama Mkubwa akakaa chini mbele yake, amenyoosha miguu, kama mtoto anayesukwa.

"Inamisha, mwanangu," akasema Bibi. "Sitakukata."

"Haya, Mama."

Bibi akampaka povu. Wembe ulikwenda sawa, kutoka kwenye paji kwenda nyuma. Nywele zilianguka mapajani kwake, nyeusi zimechanganyika na mvi ambazo hatukujua kama anazo. Mwanamke mmoja akatania, "Tekla, kumbe ulikuwa na kichwa kizuri, ulikificha kwa nini?" Wengine wakacheka. Mwingine akaanza habari za bei ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, na mazungumzo yakaenda huko. Bibi alinyoa upande wa kulia wote, akasuuza wembe, akalisogeza karai apate nafasi ya upande wa kushoto.

Mama Mkubwa akainua kichwa. "Mama, ningoje kidogo."

"Unaumia?"

"Hapana."

Akasimama. Akajifunga kaniki kichwani, akafunika upande ulionyolewa na ule usionyolewa pamoja. Alimtazama Bibi, maana alimpenda na Bibi alimpenda. Akageuka. Hakuingia ndani, hakuchukua hata viatu. Akapita katikati ya mikeka, akiomba njia kwa adabu, "Nipisheni, mama. Nipishe, dada," wanawake wakikunja miguu kumpisha bila kukatiza habari zao za vitunguu. Akazunguka kona ya nyumba.

Mama yangu alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, mahali panapoonekana barabara. Nilikuwa karibu naye. Tukamwona anateremka, anaifikia barabara, anashika upande wa Mbeya. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda sokoni. Lori moja la magogo likampita na vumbi lake, vumbi lilipotulia bado alikuwa anakwenda, mdogo zaidi. Kule njia inapopinda akapotea, na hatujamwona tena mpaka leo. Jailos aliulizwa, wa Iyunga wote wakaulizwa, hakuna aliyempokea.

Bibi Rozalia alikuwa bado ameshika wembe. Povu lilikuwa linamkauka vidoleni.

"Esta," akaita, "mwenzako ameenda kujisaidia?"

Mama alikuwa bado anaitazama ile kona ya barabara.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Anakuja sasa hivi."